Mama Anayefunga Vitabu vya Noeli kwa Uzi

Saa moja asubuhi, Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio, Musoki Séphora anapanda juu ya kreti tupu la bia, anakohoa kidogo, na kuanza kusoma kwa sauti katikati ya meza za samaki za sokoni Bunia.

Hakuna anayemtazama. Akina mama waliopokea samaki wa ziwani Kasenyi alfajiri wana haraka ya kuwapara magamba kabla jua halijakaza. Visu vinakwaruza, nzi wanafukuzwa, dereva wa pikipiki anapiga honi akidai njia mahali pasipo na njia. Musoki hababaiki. Anasoma kama mtu anayejua kuwa watu husikia hata wanapojifanya wana kazi.

Anafungua ukurasa wa pili, kisha wa tatu. Kisu cha mama mmoja kinanyamaza. Cha jirani yake nacho kinanyamaza. Muda si mrefu safu nzima imetulia, mikono imeshika samaki hewani, na mteja aliyekuja kuuliza bei ya samaki aitwaye kapiteni anaambiwa "Ngoja kwanza" bila hata kugeukiwa.

Musoki anafunga kitabu, na manung'uniko yanapanda kila upande. "Hii imepita," anasema. Anakiweka kando na kuchukua kingine.

Hivyo ndivyo vinavyochaguliwa vitabu vya Noeli katika kona hii ya Bunia. Aliyezoea kudhani kwamba vitabu huchaguliwa na watu wenye miwani waliokaa kwenye viti vya kuzunguka, na afike hapa aone. Waamuzi wana magamba mpaka kwenye nyusi, na wengine wao hawajui kusoma.

"Macho inadanganya," anasema Musoki. "Mutu akisoma na macho, anaweza kuruka fasi mbaya. Na hizi vitabu zinasomwa nyumbani na kinywa, kila mutu anasikia, koko muzee na batoto. Sasa miye naangalia mukono. Mukono ya mama wa samaki ikisimama, kitabu iko muzuri. Mukono haidanganye."

Musoki ana miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Butembo na kuhamia Bunia na mumewe, Ambroise, ambaye huuza vipuri vya pikipiki. Yeye huuza vitabu vilivyokwisha tumika, vya shule hasa, na meza yake ipo mwisho wa safu ya samaki kwa sababu wauza vitabu wengine waliikimbia sehemu hiyo. "Harufu njo ilinipatia fasi," anasema na kucheka.

Mwezi wa tisa, shule zinapofunguliwa, siku njema humletea faranga elfu kumi na tano. Desemba haimletei kitu. Vitabu vya Majilio hauzi, huazima. Anayechukua hutoa alichonacho, bakuli la maharage au makaa ya kuivisha chungu kimoja, na kitabu hurudi baada ya sikukuu ya Epifania. Ambroise humtania kwamba ameoa mwanamke mwenye miezi kumi na mmoja tu kwa mwaka.

Lakini kinachowashangaza wengi ni uzi.

Kila kitabu kinachopita mtihani wa samaki, Musoki hukigawa mafungu matano. Fungu la kwanza huliacha wazi, lisomwe tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mengine manne huyashona kingoni, kila moja na uzi wake, yasifunguke kabla ya siku yake. Uzi wa Jumapili ya pili ni wa zambarau, wa tatu ni wa waridi, wa nne zambarau tena, kama rangi za mavazi ya padri. Fungu la mwisho hufungwa kwa uzi mweupe, na huo haukatwi mpaka jioni ya mkesha wa Noeli.

Desturi hiyo aliirithi kwa baba yake, katekista. "Baba alikuwa anafunga kitabu na kamba, kwa sababu ya siye batoto," anakumbuka. "Tulikuwa bajanja sana. Tulikuwa tunakimbilia mwisho. Baba anasema, Majilio ni kungoja. Mutu mwenye anajua mwisho, hangoje. Anakaa tu."

Na hapo ndipo ilipo kanuni yake ya ajabu kuliko zote. Musoki mwenyewe hasomi fungu la mwisho. Hukisoma kitabu chote mpaka kwenye uzi mweupe, kisha hushona kurasa zilizobaki bila kuzitazama, asubiri na wasomaji wake. Mwezi wa kwanza, kitabu kikirudi, ndipo hujua naye kilivyoisha.

"Kama miye najua mwisho, nitamupatia mutu kitabu na uso ya mutu mwenye anajua," anaeleza. "Ataniangalia tu, ataona."

Jumamosi hii, hata hivyo, macho ya Musoki yanakwenda kwenye meza moja tu, ya tatu kutoka kwake. Hapo anakaa Bénédicte, anayeitwa na wote Mama Aimée kwa jina la bintiye mkubwa. Wenzake wanapotulia kusikiliza, kisu cha Bénédicte ndicho kinachosikika peke yake. Miaka mitatu sasa, kila Musoki anaposoma juu ya lile kreti, kisu hicho hakijawahi kunyamaza.

Miaka mitatu iliyopita mume wa Bénédicte, Laurent, alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Nizi. Siku moja risasi zilisikika huko na wachimbaji wakatawanyika, kila mtu na njia yake. Wengi walirudi. Laurent hakurudi, wala hakuna aliyekuja kusema amemwona akiwa hai, wala aliyesema amemwona akiwa amekufa.

"Siko mujane, siko bibi ya mutu," anasema Bénédicte kwa sauti ya kawaida kabisa, akigeuza samaki upande wa pili. "Batu bananiuliza habari. Habari gani?"

Tangu mwaka huo nyumba yake ya mtaa wa Rwambuzi haifanyi Noeli. Asubuhi ya sikukuu, watu wakienda kanisani na nguo mpya, yeye huja sokoni, hupanga samaki na kukaa katikati ya meza tupu za wenzake hadi jioni. Watoto hubaki ndani na bibi yao, Adeline, mama yake Laurent. Huyo naye alilifungia jina la mwanawe kinywani. Hajalitamka tangu siku ya habari za Nizi, na wajukuu wamejifunza kutolitamka mbele yake.

Musoki amekuwa akiitafutia nyumba hiyo kitabu kwa miaka yote mitatu, na amekiri kwamba hakuna kazi iliyowahi kumshinda namna hiyo. Vitabu vya Noeli karibu vyote huisha kwa mtu kurudi nyumbani, tena mara nyingi baba, tena amebeba zawadi. Kumpa Bénédicte kitabu cha namna hiyo ni kumtonesha kidonda. Kuna kimoja kizuri sana ambamo mtoto anakufa kwenye baridi. Hicho alikirudisha guniani haraka. Kingine kilikuwa na askari wanaoingia kijijini usiku. Hata sokoni hakukifikisha.

"Nyumba yenye kungoja bila mwisho," anasema, "utaipatia kitabu gani ya kungoja?"

Mwezi wa kumi, parokia moja ilipokuwa ikisafisha ghala lake, alinunua rundo la karatasi zilizokwisha achana na jalada. Zilikuwa za Kiswahili, zimepigwa chapa zamani na wamisionari, rangi imegeuka ya chai. Alizipanga kwa namba za kurasa. Ilikuwa hadithi ya mzee mmoja mwenye kivuko cha kamba kwenye mto mkubwa. Mtoto wake alivuka ng'ambo wakati wa mavuno, mto ukajaa, na tangu hapo mzee hukaa kila jioni kando ya maji akisikiliza. Jina la kitabu halijulikani. Jalada lilikwisha kuliwa na mchwa.

Hicho ndicho anachokishika sasa, cha mwisho kwa leo. 

Anasoma jinsi mzee anavyoipaka kamba mafuta kila asubuhi ingawa hakuna anayevuka. Visu vinaanza kunyamaza. Anasoma jinsi majirani wanavyomwambia aikate kamba aiuze, naye anawajibu kwamba kamba haili chakula. Mama mmoja anacheka puani. Anasoma jinsi jioni inavyoingia, na mzee anavyotega sikio.

Ndipo soko linakuwa na kimya cha namna nyingine. Musoki anainua macho. Kisu cha Bénédicte kimelala mezani.

Wanawake wote wameona, na hakuna hata mmoja anayethubutu kugeuza shingo. "Nimeshuhudia makanisa yakinyamaza," anasema baadaye mama mmoja wa meza ya jirani, "lakini sijapata kusikia samaki wakinyamaza hivyo."

"Endelea," anasema Bénédicte.

"Siwezi, Mama Aimée. Ingine iko ya uzi."

Bénédicte anajifuta mikono kwenye kitenge, upande huu na upande huu, taratibu. "Basi enda ushone," anasema. "Nipatie hiyo."

Jioni ile, nyumbani kwake, Musoki anakaa na sindano mbele ya kitabu na kushindwa kuanza. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii anataka kusoma mwisho. Itakuwaje mtoto akiwa amekufa maji? Itakuwaje akirudi, watu wakacheza ngoma, na Bénédicte akazisikia ngoma hizo akiwa kwenye kiti chake kisicho na mwenzake? Anazishika kurasa za mwisho kwa vidole viwili, anazipima uzito, anaziachia.

"Nilimuambia Mungu, hii ni ya kwako," anasimulia. "Kisha nikatia uzi mu sindano."

Majilio yanapita, na habari za nyumba ya Rwambuzi zinafika sokoni kila Jumatatu kama matangazo ya redio. Msomaji ni Aimée, binti wa miaka kumi na sita. Wiki ya kwanza bibi Adeline alisikiliza akiwa amewapa mgongo. Baada ya uzi wa Jumapili ya pili kukatwa, kiti chake kilikuwa kimegeuka. Uzi wa waridi ulipokatwa, ndiye aliyempelekea jirani ujumbe apunguze redio. Na siku moja, Bénédicte anasema huku akijizuia kutabasamu, bibi alimwamsha Aimée alfajiri kumuuliza kama yule mzee wa kivuko ana kitu cha kujifunika.

Musoki anasikia hayo yote na kukonda kwa wasiwasi. Kadiri nyumba ile inavyozidi kumpenda mzee wa kivuko, ndivyo uzi mweupe unavyozidi kumtisha.

Mkesha wa Noeli, saa kumi na moja jioni, Bénédicte anamwalika. Sebuleni kuna watu watano tu, ukiacha mwandishi wa makala haya. Bibi Adeline ameoga na kujifunga kitambaa kipya kichwani. Mdogo wake Aimée, Élisée, amekaa sakafuni. Bénédicte amesimama kwenye fremu ya mlango, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, kama mtu aliyejiwekea njia ya kukimbilia. Kisu kidogo kinapita kwenye uzi, na kurasa zinaachia.

Aimée anarudia kwanza mistari ya mwisho ya Jumapili, kama ilivyo desturi: "Mzee akasimama. Ng'ambo, gizani, mtu aliliita jina lake. Akaishika kamba kwa mikono miwili, akaanza kuvuta."

Anafunua ukurasa.

"Vifaranga wa siku moja wawekwe penye joto," anasoma, "mbali na upepo. Wapewe maji safi asubuhi na jioni."

Anasita. Wasikilizaji wanatazamana. Pengine mzee alikuwa mfugaji na hatukuambiwa. Aimée anaendelea kwa sauti ileile nzuri ya kusomea mambo matakatifu: "Jogoo mmoja anatosha kwa mitetea kumi. Banda lifagiliwe kila siku, na kinyesi chake kitumike bustanini."

Musoki anainuka. Anakiomba kitabu, anakitazama, na kosa lote linamjia mara moja. Wamisionari walichapa vitabu vingi kwa kipimo kimoja na karatasi ya aina moja. Ghalani rundo la hadithi lilichanganyika na rundo la maelekezo ya ufugaji wa kuku. Yeye alifuata namba tu, na kwa sababu ya kanuni yake hakusoma hata sentensi moja ya fungu la mwisho.

"Paje ya tisini na saba ilifuata ya tisini na sita," anasema. "Nilishona tu. Pardon, Mama Aimée. Pardon, mama."

Bénédicte anarudi nyuma. Mguu wake wa ndani umekwisha toka nje.

Halafu inasikika sauti. Kwanza ni ndogo, kama mtu aliyepaliwa, na Aimée anaruka kwenda kumshika bibi yake. Lakini bibi hajapaliwa. Mabega yanamtikisika, kitambaa kipya kimemteremkia usoni, na bibi Adeline anacheka. Anacheka mpaka anashika mbavu, mpaka machozi yanamtiririka.

"Sasa ule muzee," anasema akitafuta pumzi, "alivuta kamba yote ile, akatosha kuku mu maji?"

Élisée anaanguka chini kwa kicheko. Aimée anajaribu kusoma mstari mwingine, "Kuku anayetaga asisumbuliwe," na hawezi kuumaliza. Hata Musoki, aliyekuwa tayari kutubu hadi Pasaka, anajikuta amejifunika uso kwa mikono na mabega yanamruka.

Bibi Adeline anajifuta machozi na pindo la kitenge. "Laurent angesikia hii," anasema.

Kicheko kinakatika papo hapo. Miaka mitatu jina hilo halijasikika humo ndani. Bibi mwenyewe anashtuka, anatazama huku na huku kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyelisema. Kisha anaamua.

"Ule mutoto alikuwa anapenda kuku kuliko masomo," anasema. "Alikuwa anatia vifaranga mu shati, analala nabo. Asubuhi shati inanuka, muwalimu anamurudisha. Naye anasema, mama, balikuwa banasikia baridi."

"Baba?" anauliza Élisée. Alikuwa na miaka minne Laurent alipoondoka. "Baba alikuwa analala na kuku?"

"Hata kisha ndoa," anasema Bénédicte kutoka mlangoni.

Anaingia. Anakaa chini karibu na mwanawe na kuanza kusimulia habari ya jogoo mmoja mkorofi ambaye Laurent alikataa kumchinja siku ya harusi yao, mpaka wageni wakapikiwa maharage. Bibi anamsahihisha. Bénédicte anabisha. Aimée, ambaye kumbe anakumbuka mengi kuliko walivyodhani, anawasahihisha wote wawili. Wanalia, wanacheka, wanalia tena, na kwa karibu saa nzima mtu ambaye hakuna ajuaye alipo amejaa nyumba ile kuanzia sakafuni hadi kwenye bati.

Musoki anawatazama. Amekaa mikono mapajani, kinywa wazi kidogo. Amechagua vitabu vya Majilio miaka kumi na tisa, na hajapata kuona kimoja kikifanya kazi ya namna hii. Tena hiki kimeifanya kwa kurasa za kuku. Baadaye, njiani, anasema aliogopa hata kupumua asije akaharibu.

"Na ule muzee?" Aimée anakumbuka mwishoni. "Nani alimuita kule ng'ambo?"

Macho yote yanamgeukia Musoki.

"Sijue," anasema. "Kweli ya Mungu, sijue."

Inawezekana hakuna mtu Bunia nzima anayejua. Bénédicte anakichukua kitabu, anakitazama mbele na nyuma, na kukiweka juu ya kabati. Halafu anamwambia Aimée aende kwa jirani awaambie kwamba kesho mama yupo nyumbani, wasipike, waje. Wale kapiteni wawili aliowaweka kwa ajili ya soko wataliwa hapahapa.

Aimée anatoka mbio kabla mama yake hajabadili nia.

Jua limekwisha zama bibi Adeline anapomsindikiza mgeni wake hadi kwenye ua. Musoki anaomba msamaha tena. Anaahidi kwamba atazitafuta zile kurasa za kweli, hata kama ni kwenda kupekua ghala lile karatasi kwa karatasi. Na kanuni yake ataibadili.

"Mwaka inakuya nitawaletea ingine, mama," anasema. "Na hii mara nitasoma mpaka mwisho kabla ya kushona, kosa isirudi."

Bibi Adeline anamshika mkono na hauachii.

"Hapana," anasema. "Siye hatujue mwisho. Weye utajua ya nini? Ungoje na siye."